Usumba wa shangazi na spika zilokuwa zinachoma masikio

Mama alikuwa akikaa na sie sebuleni dakika tano hivi, kisha anajikusanya taratibu, anachukua kikombe chake cha chai, anakwenda kukaa kizingitini pa mlango wa jiko. Hasemi kitu. Nikimfuata ananambia "sikiliza tu mwanangu, mie kichwa kinanigonga." Na hizo spika nilizitafuta kwa ajili yake yeye.

Zamani tulikuwa mjini Unguja, Kiponda, nyumba ya bibi, ile ya mawe na chokaa yenye kuta nene na boriti juu, chumba kirefu chembamba kama vyumba vyote vya mjini kwa sababu boriti haiwezi kuvuka upana mkubwa. Mama alikuwa na redio ya kaseti juu ya kabati na jioni baada ya Isha alikuwa akiweka taarabu, za vikundi vya Kalcha na Malindi, na zile za zamani kabisa za Siti binti Saad ambazo mtu alimrikodia kutoka kwenye santuri. Redio yenyewe ndogo tu, spika moja imepasuka pembeni, lakini mie mpaka leo nikifumba macho naisikia ile sauti, laini, imejaa, imekaa mle chumbani kama mtu aliyekuja kutembea.

Tulipohamia Fuoni nyumba mpya redio ile ikafa, basi nikaweka pesa kidogo kidogo nikapata amplifaya ya mtumba na spika mbili za kusimama, kila moja ina wufa ya sauti za chini na twita ya sauti za juu, vitu vizuri kwa kweli, nilivisikiliza kwa muuzaji kabla sijalipa na nikavipenda. Nikavifikisha nyumbani, nikafunga, nikamwita mama, nikaweka wimbo wa kwanza.

Kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, ikatoka kama vijiko vinamwagwa kwenye sinki la chuma! Wallahi sikutia chumvi. Kanuni ina nyuzi sabini na kitu, zimefungwa tatu tatu kwa kila noti, na mpigaji anazigusa kwa vijiti vilobanwa na pete vidoleni, kwa hivyo kila noti ina ncha yake kali mwanzoni na hiyo ndiyo raha yake, lakini hapa ncha ilibaki peke yake na mwili wa noti haupo. Mwimbaji akisema neno lenye "s" inapiga mluzi. Fidla zikipanda juu pamoja unajikuta umekunja uso. Na zile za Siti, ambazo alikwenda kuzirikodi Bombay 1928, mchakacho wa santuri ukawa kama samaki kikaangoni na mwenyewe yuko mbali huko nyuma ya mafuta.

Nikafanya anachofanya kila mtu, nikashusha trebo, yaani sauti za juu. Ikawa bora kidogo lakini sasa mwimbaji kama yuko ndani ya gunia, na bado inachoma! Hili lilinitesa wiki nzima, vipi sauti iwe na kiza na bado iwe kali, mpaka nikaja kuelewa kwamba noabu ya trebo, kile kitufe cha kuzungusha, kwenye amplifaya nyingi inafanya kazi zaidi huko juu kabisa, kwenye mitetemo 10,000 kwa sekunde na jirani zake, ambako kuna ile hewa ya sauti, mng'aro, pumzi ya mwimbaji. Kinachochoma masikio hakikai huko. Kinakaa chini yake, kati ya 2,000 na 5,000, na sababu iko ndani ya sikio lenyewe, maana tundu la sikio ni kama kibomba cha sentimita 2.5 hivi kilozibwa upande mmoja, na kibomba cha urefu huo kinaitikia chenyewe sauti za karibu na 3,000. Hapo sikio la binaadamu liko macho kuliko pahala popote, hapo hapo ndipo yalipo maneno ya mtu na ncha ya kanuni. Kwa hivyo ukishusha trebo unaondoa pumzi na unakiacha kisu.

Nikenda dukani kuuliza. Nikaambiwa tatizo waya, nikauziwa waya mnene wa bei ambayo sitaki kuitaja. Haukubadilisha kitu. Waya wa spika wa kawaida usiokuwa mwembamba kama uzi unatosha kwa sebule ya mita tano na mtu asikudanganye.

Lakini ule waya ulinisaidia kwa njia nyengine, maana nilipokuwa naufunga ndipo nikaona spika ya kushoto ilikuwa imefungwa kinyume, nyekundu kwenye nyeusi. Mie mwenyewe nilifunga vile siku ya kwanza kwa haraka. Sasa hili ni kosa dogo lenye madhara makubwa na nnaomba kila anayesoma hapa aende akaangalie zake leo. Spika mbili zikiwa kinyume, wufa moja inasukuma hewa wakati mwenzake inavuta, na sauti za chini zinauana hapo katikati ya chumba kabla hazijakufikia, wakati za juu hazidhuriki sana. Inayobaki ni juu tupu. Ukitaka kuhakikisha usiamini rangi za waya peke yake, zima amplifaya, toa waya upande wa amplifaya, chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha mara moja tu kwenye ncha mbili za waya huku unaitazama wufa. Chanya kwenye nyekundu, wufa inatakiwa itoke nje kidogo. Ikiingia ndani basi pahala pamegeuzwa. Mie nilipiga magoti na tochi mdomoni, ya kulia ikatoka, ya kushoto ikaingia, nikajua.

Nikageuza. Besi ikarudi, dumbaki likapata ngozi yake, nikamwita mama kwa furaha. Akaja, akakaa, safari hii robo saa. Halafu akainuka na kikombe chake.

Robo saa si dakika tano, nikajipa moyo. Ila sasa sikujua nini kinabaki, mpaka usiku mmoja umeme umekatika, nyumba kimya, nikapiga makofi mara moja tu kuua mbu pale katikati ya sebule, na lile kofi halikufa. Likafanya trrrrrr, kama uzi wa chuma unaotetemeka, linakwenda ukuta kwa ukuta. Nikapiga tena. Trrrrr. Nikenda chumbani kwa watoto, penye vitanda na vyandarua na nguo zimezagaa, nikapiga. Pa! Limekwisha.

Asubuhi nikatia mafuta pikipiki nikenda Kiponda, anakaa ami yangu sasa. Nikamwamkia, nikamwomba ruhusa, nikasimama kwenye kile chumba cha bibi nikapiga kofi. Pa. Limekufa hapo hapo. Ami ananitazama hajui nimepatwa na nini. Nikaanza kuhesabu mle ndani, magodoro mawili ya sufi, mito ya kuegemea ukuta mzima, zulia juu ya mkeka, mapazia mazito ya mlangoni, kabati la nguo ambalo halifungi vizuri, vitabu, masanduku, ukuta wenyewe wa chokaa umevimba huku umebonyea kule. Sio kwamba mawe yanakula sauti, hapana, chumba kitupu cha mawe kinalia kama kisima. Vilokuwa vikila sauti ni vitu vya bibi.

Na kwetu Fuoni je? Tailizi chini, kuta zimepigwa plasta na rangi ya kung'aa, jipsamu juu, dirisha kubwa la alumini na kioo, makochi mawili, tivii. Tulijenga nyumba nzuri na safi, mama mwenyewe alichagua tailizi, na kila kitu tulichokichagua kwa usafi kinairudisha sauti kama ukuta unavyorudisha mpira.

Hapo nikaanza kusoma na nikakutana na kisa kilonigusa sana. Mwaka 1895 chuo cha Harvard huko Marekani kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambao mwalimu akisema neno linabaki likielea zaidi ya sekunde tano, linagongana na la pili na la tatu, wanafunzi hawaelewi kitu. Akapewa kazi ya kuutibu mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Hakuwa na mtambo wowote wa kupimia wa siku hizi. Alikuwa na paipu ya kinanda cha kupuliza, saa ya kuhesabia sekunde, na masikio yake, akasubiri usiku mji unyamaze, akabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwengine wa jirani, akaipanga, akapima, akaongeza, akapima, na kabla ya asubuhi anairudisha mito yote pahala pake. Usiku baada ya usiku. Mwisho akapata hesabu ambayo mpaka leo ndiyo inayotumika, chukua ujazo wa chumba kwa mita, zidisha kwa 0.161, gawa kwa jumla ya eneo linalonyonya sauti, jibu ndiyo sekunde sauti inazochukua kufa. Kwa hesabu hiyo hiyo akasaidia ukumbi wa muziki wa Boston ulofunguliwa 1900, ambao wapenzi wa muziki wanausifu hadi sasa.

Mtu amebeba mito usiku kujua sauti inakwenda wapi! Nikasema basi na mie nnaweza.

Sebule yetu ni mita 5 kwa 4, urefu wa juu 3, ujazo 60. Nikakadiria kinachonyonya, makochi na watu na kidogo kidogo cha kuta, nikapata kama mita za mraba tano na nusu tu. Jibu likaja karibu na sekunde 1.8. Sebule ya kusikilizia muziki inatakiwa iwe nusu sekunde au inazidi kidogo. Kwa hiyo kila noti ya kanuni ilikuwa inalimbikizwa juu ya noti kumi zilopita, na zinazolimbikizwa zaidi ni zile za juu na za kati maana jipsamu na kioo vinameza chini kidogo kwa kutikisika, za juu vinazirudisha zote.

Kuna zile sponji nyembamba zenye vinundu zinazouzwa kwa ajili ya studio, nikaziangalia nikaziacha, bei kubwa na unene hakuna, kitu chembamba kinakula zaidi juu na za chini yake zinabaki, unarudi kwenye hadithi ya noabu ya trebo. Trei za mayai ndo usiniambie kabisa, hazinyonyi kitu cha maana na zinawaka moto upesi. Mkeka peke yake pia ni mwembamba mno, nasema kwa masikitiko kwa sababu naupenda mkeka.

Unene ndio siri, unene na nyuzi nyuzi ambazo hewa inapenya ndani yake kwa tabu, isugue, ichoke. Na nlipokuwa nafikiria nyuzi nyuzi nikamkumbuka shangazi yangu anayekaa Bwejuu.

Shangazi anasuka kamba za usumba maisha yake yote. Makumbi ya nazi wanayafukia pwani, kwenye maji ya bahari ya ndani, wanayawekea mawe juu, yanakaa miezi mpaka nyama ya kumbi ioze, kisha wanayafukua na kuyaponda kwa rungu mpaka zibaki nyuzi, nyekundu, ngumu, zinakuna mkono. Nikampigia simu. "Shikamoo shangazi." "Marahaba baba, mama yako hajambo?" Nikamweleza nataka usumba gunia tatu. Akauliza kamba ya ngalawa? Nikamwambia hapana, ya kunyamazisha sebule. Akanyamaza kidogo, akasema njoo uchukue.

Sasa mambo matatu alonifundisha shangazi na seremala ambayo sikuyaona yameandikwa pahala. Kwanza usumba unatoka pwani na chumvi, na chumvi inavuta unyevu, ukiutia ndani ya fremu vile vile masika ikija utaota ukungu na nyumba itanuka, kwa hivyo niliusuuza maji baridi mara tatu na kuuanika juu ya bati siku nne, kila jioni nauingiza. Pili usiushindilie. Nilijaza fremu ya kwanza kwa nguvu kama godoro la skuli ya bweni, nikaigonga kwa kidole ikajibu kama ubao, na kikijibu kama ubao basi sauti nayo inarudi. Unauchambua kwa vidole, unautandaza, unabonyeza kwa kiganja mpaka uhisi unakusukuma kidogo, basi. Tatu ni nguo ya juu, inatakiwa iwe kitu unachoweza kupulizia upepo ukapita. Nikajaribu kanga mpya, mdomo juu yake, napuliza, haipiti vizuri kwa sababu kanga mpya ina dondo. Mama akaangalia akaenda chumbani akarudi na kanga zake za zamani, zilofuliwa mpaka zimelainika kama shavu la mtoto. Napuliza, pumzi inapita. Akasimama juu ya seremala kuhakikisha kila jina la kanga limekaa sawa linasomeka.

Fremu sita, kila moja mita 1.2 kwa sentimita 80, unene senti 10, na nikazitundika zisiguse ukuta, senti tano mbele yake, maana hewa ile ya nyuma inaifanya fremu ifanye kazi kama nene kuliko ilivyo na inashuka chini zaidi.

Za kuweka wapi? Kioo. Unakaa pale anapokaa msikilizaji, mtoto anapita na kioo cha kujitazamia kimelazwa ukutani, pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga na kukujia. Mwanangu wa miaka minane alipita na kioo, mie nimekaa pahala pa mama, "hapo! rudi! hapo hapo!" tunatia alama ya penseli. Sauti inayogonga pale inapita njia ndefu kwa mita mbili kuliko ile ya moja kwa moja, yaani inachelewa sehemu 6 za elfu moja ya sekunde, sikio halitambui kama mwangwi, linachanganya tu na noti yenyewe na noti inageuka ngumu. Fremu mbili kuta za pembeni, mbili nyuma ya mama, mbili nyuma ya spika, na chini zulia nene la mita tatu kwa mbili.

Siku ileile nikazisogeza na spika. Nilikuwa nimezivuta mbele sana katikati ya chumba, nikazirudisha zikabakia senti 40 na ukuta, chini ikajaa. Na nikazigeuza, mwanzo zilimtazama mama usoni moja kwa moja, na twita inatupa sauti kama tochi inavyotupa mwanga, sasa zinatazama nje kidogo ya mabega yake. Hili halina gharama hata senti na mtu anaweza kuanza nalo kabla ya kitu chochote.

Kofi. Pa, na kijimkia kidogo tu. Kwa hesabu ya Sabine tuko karibu na 0.7.

Fundi redio wangu alikuwa ameshaniwekea rizista, kijidude kinachopunguza umeme, ya om 1 mbele ya kila twita, inashusha kama desibeli moja, na kabla ya fremu ilikuwa nafuu kubwa. Baada ya fremu nikaona waimbaji wamesinzia, nikamwambia azitoe. Kwa hiyo spika zile hazikuwa na kosa tangu mwanzo, zilikuwa zikisema kweli kwenye chumba kinachopiga makelele.

Usiku ule nikaweka faili nzuri, si zile za kutumiwa WhatsApp ambazo zimeshaminywa mara tatu na zina ukali wao wenyewe ambao fremu haziutoi, na sauti nikaiweka wastani maana amplifaya yangu ndogo ukiikamua inakata vichwa vya mawimbi na huo nao ni ukali. Mama akaja na kikombe. Fidla zikapanda. Namtazama mkono tu, mkono uloshika kikombe. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, chai imepoa. Nikaweka wa Siti, mchakacho upo lakini umekaa nyuma huko, na sauti yake mbele, kavu, karibu, mtu mzima anaimba chumbani.

"Wewe."

"Labeka mama."

"Rudisha nyuma hapo, udi kasema kitu."

Nikarudisha. Akainamisha kichwa. Mie miaka yote naisikia nyimbo ile sikuwahi kuusikia ule udi, unajibu chini chini kila mwimbaji akivuta pumzi. Alikaa mpaka saa tano.

Dirisha kubwa bado liko wazi kioo kitupu, pazia zito nasubiri mshahara, na ukikaa kochi la pembeni bado utasikia kijimluzi upande wa kulia. Na kwenye kona mbili za nyuma besi sasa inavuma kidogo kwa sababu nimesogeza spika. Shangazi kashaniwekea gunia mbili nyengine, Jumamosi nakwenda kuzichukua.